UZI: Margaret Haig Thomas wa Wales, mwanamke wa bodi 33 aliyewauliza malodi wa Uingereza kama mwanamke naye ni mtu

Karani Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi kesho, sitauondoa.

Naishi Newport, kusini mwa Wales, huu mwaka wa saba. Asubuhi navuka mto Usk kwa daraja la waenda kwa miguu, na tangu Septemba 2024 pale darajani ipo sanamu ya mwanamke. Miezi ya mwanzo nilikuwa nampita tu, nawahi kazini. Siku moja mvua ikanizuia, nikasoma jina: Lady Rhondda, ndiye huyu Margaret wa kichwa cha uzi. Wiki hiyohiyo nikaenda maktaba, na tangu hapo sijaacha kumsoma.

Kwa nini mimi? Kabla ya kuja huku nilikuwa karani wa bodi katika kampuni moja Dar es Salaam. Miaka tisa naandika mihtasari ya vikao, natunza daftari la hisa, napeleka taarifa za mwaka kwa msajili. Hesabu za kampuni ile nilizijua kuliko nusu ya wakurugenzi wake. Siku niliyofungua mdomo kikaoni kuuliza kuhusu deni lililokuwa linafichwa ndani ya mstari wa "mengineyo", nikaambiwa kazi yangu ni kuandika. Nikaandika. Kwa hiyo niliposoma kwamba binti mmoja wa hapa Newport aliwekwa na baba yake kwenye meza ya wakurugenzi zaidi ya miaka mia iliyopita, sikuweza kumwacha.

Niseme mapema ili mawakili wa jukwaani wasinikamate: Margaret hakuwa wakili. Oxford, chuo cha Somerville, aliingia 1904 na hakumaliza hata mwaka. Lakini kesi aliyofungua imo kwenye vitabu vya sheria mpaka leo, na kwa biashara ni wachache waliofika alikofika.

Alizaliwa London 1883, mtoto pekee. Nyumbani kwao hasa ni Llanwern, kijiji kilichopakana na Newport. Baba yake, D. A. Thomas, alikuwa mbunge wa chama cha Liberal na tajiri wa makaa ya mawe, mkuu wa Cambrian Combine, muungano wa makampuni ya migodi kwenye bonde la Rhondda. Enzi hizo makaa ya Wales ndiyo yaliyokuwa yanaendesha meli za dunia. Mama yake, Sybil, ni wa ukoo wa Haig wa Scotland.

Mwaka 1908 Margaret akaolewa na jirani, Humphrey Mackworth, bwana wa mashamba, mpenzi wa kuwinda mbweha, mhafidhina wa siasa. Mwaka huohuo akajiunga na chama cha akina Pankhurst cha kudai kura za wanawake, akawa katibu wa tawi la Newport. Na ni kipindi hicho baba yake akamwajiri. Msimfikirie karani wa kupokea simu. Alikuwa msaidizi wake wa siri, kwa mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka, hela nzito sana wakati ule. Anakaa naye ofisini Cardiff, anasoma barua zake, anajadiliana na wanunuzi, anasikia kila mkataba ukipikwa. Hapa ndipo ninapomwonea wivu, nasema wazi. Watu wanadhani aliokota urithi. Kwanza alifundishwa kazi, miaka kumi kabla baba hajafa.

Nakuja na sehemu ya pili, naweka chai jikoni.

Kipanya wa Temeke

Nimeweka kigoda dada. Hao malodi ndio akina nani?

Karani Mkongwe

Ndugu yangu, Bunge la Uingereza lina vyumba viwili. Kimoja cha wabunge wa kuchaguliwa, kingine cha malodi, na zamani mtu alikaa humo kwa kurithi cheo cha baba yake. Kikumbuke hicho cha pili, tutakirudia.

Tuendelee. Mwaka 1913 wanawake wa chama chake walikuwa wanachoma masanduku ya barua, kwa sababu serikali iliwapuuza miaka na miaka. Margaret akapanda treni mpaka London, akapewa makao makuu vichupa vya dawa za kuwasha moto, akarudi navyo ndani ya kikapu, kwenye behewa lenye abiria wengine. Mwenyewe ameandika kwamba alivifukia bustanini chini ya vichaka, vikakaa huko siku kadhaa anajikusanyia ujasiri. Kisha akaenda Risca Road, hapahapa Newport, akavitumbukiza kwenye sanduku la barua.

Akakamatwa. Mahakama ikampiga faini, akakataa kulipa, na mume wake alikuwa tayari kabisa kumlipia. Akapelekwa gereza la Usk kwa kifungo cha mwezi mmoja. Akagoma kula. Siku ya tano wakamtoa. Mwaka uliofuata mama yake naye, mke wa tajiri, akaonja kifungo huko London kwa kufanya mkutano nje ya Bunge.

Halafu ikaja Lusitania. Mei 1915 yeye na baba yake wanarudi kutoka New York walikokwenda kwa biashara. Tarehe 7, karibu na pwani ya Ireland, nyambizi ya Wajerumani ikaipiga meli kwa torpido. Dakika 18 tu, meli imezama. Watu karibu 1,200 walikufa. Margaret alivutwa chini na maji, akaibuka, akaelea ameshikilia ubao mpaka akapoteza fahamu. Waliomwokota walidhani ni maiti, wakamlaza sitahani pamoja na maiti, hadi mmoja akaona kama bado ana uhai. Baba yake aliokolewa kwa boti nyingine.

Aliandika baadaye kwamba balaa lile lilimbadilisha alivyojiona. Alikuwa mtu wa kujitilia shaka, na pale majini akagundua kwamba jambo aliloliogopa maisha yake yote lilimfika na hakuvunjika. Hapo nilifunga kitabu kwa muda.

Mzawa wa Geita

Dada umeandika vizuri lakini naomba tusimpambe sana. Mimi nimekulia kwenye mgodi. Pauni 1,000 za mshahara zilitoka wapi? Kama baba alikuwa na migodi Rhondda, basi kuna watu walikuwa chini ya ardhi wanazitafuta. Hao nao waandikiwe.

Karani Mkongwe

Mkuu, swali lako ni la haki, na nilikuwa nalikwepa. Nakujibu.

Mwaka 1910 mgodi mmoja wa Cambrian Combine, Ely Pit kule Penygraig, ulifungua mwamba mpya wa makaa. Mwamba ule ulikuwa na mawe mengi, mchimbaji anatumia saa nyingi kutoa tani moja, na malipo yalikuwa kwa tani. Wachimbaji wakataka shilingi 2 na peni 6 kwa tani, kampuni ikaanza na chini ya shilingi 2. Kampuni ikawafungia nje. Wenzao wa migodi mingine ya muungano wakaweka zana chini kuwaunga mkono, wapatao 12,000. Novemba kukawa na mapambano na polisi mitaani Tonypandy, mchimbaji mmoja, Samuel Rhys, akafa kwa majeraha ya kichwa, na Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, jina lake mpaka leo bondeni halitajwi kwa upendo, kwa sababu ya askari waliopelekwa. Mgomo ulidumu mpaka Agosti 1911. Wakarudi kazini kwa shilingi 2 na peni 3 kwa tani, bei ileile waliyoikataa kabla ya mgomo.

Margaret wakati huo alikuwa ofisini kwa baba yake. Alimpenda baba yake mno na alimtetea. Mwanamke aliyekwenda jela kwa ajili ya haki ya wanawake hakusimama na wachimbaji wa baba yake, na sioni namna ya kulilainisha hilo. Naliweka hapa lilivyo.

Mzawa wa Geita

Nashukuru dada. Endelea.

Karani Mkongwe

Sasa naingia kwenye kiini, tusonge taratibu.

Vita ya kwanza ilipopamba moto Margaret alipewa kazi ya kuandikisha wanawake kwa huduma za taifa Wales, na 1918 akapandishwa kuwa msimamizi mkuu wa uandikishaji wa wanawake katika wizara kule London. Baba yake naye alikuwa waziri wa chakula, ndiye aliyesimamia mgawo. Kwa kazi hiyo mfalme akampa cheo cha Viscount Rhondda, kimoja cha vyeo vile vya malodi vya kurithiwa. Yeye hana mtoto wa kiume. Akaomba, na mfalme akakubali, kwamba akifa cheo kiende kwa binti yake. Mwezi Julai 1918 akafariki.

Kwa mkupuo mmoja Margaret akarithi cheo, mali na viti vya ukurugenzi zaidi ya ishirini: makaa, meli, magazeti. Katika maisha yake alikaa kwenye bodi za kampuni 33 na kuwa mwenyekiti wa 7 kati ya hizo. Mwaka 1926 chama cha wakurugenzi wa Uingereza, Institute of Directors, kikamchagua rais wake. Mwanamke wa kwanza. Mimi niliyewahi kuambiwa "wewe andika", mstari huo niliusoma mara tatu.

Lakini cheo. Mwanamume akirithi cheo kile anapelekewa wito, anaingia Bunge la Malodi, anakaa. Margaret hakuletewa wito wowote. Na wakati huo tayari kulikuwa na sheria ya Desemba 1919 ya kuondoa vizuizi vya jinsia, iliyosema kwamba mtu hatazuiwa kwa sababu ya jinsia yake wala ndoa yake kufanya kazi yoyote ya umma. Maneno mepesi hayo, kila mtu anayaelewa. Akaomba wito wake.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo kwa Gwyneth Bebb, kwa sababu bila yeye uzito wa neno "mtu" hauonekani. Bebb alisoma sheria Oxford akafaulu kwa daraja la juu kabisa, ila digrii hakupewa kwa kuwa Oxford haikuwapa wanawake digrii mpaka 1920. Baba yake alikuwa mkuu wa chuo cha Lampeter, magharibi mwa Wales. Mwaka 1913 yeye na wenzake watatu waliishtaki Law Society, chombo kilichokuwa kinasajili mawakili, kwa kuwakatalia mtihani. Sheria ya mawakili ya 1843 ilitumia neno "mtu". Majaji, hadi mahakama ya rufani, wakasema neno hilo humo halimhusu mwanamke, kwa kuwa hajawahi kuonekana mwanamke wakili. Yaani hujawahi kuruhusiwa, kwa hiyo huruhusiwi.

Wakati wa vita Bebb aliajiriwa na wizara ileile ya chakula, kule Birmingham, akiwafuatilia na kuwashtaki waliovunja kanuni za chakula. Sheria ya 1919 ikamfungulia mlango, 1920 akajiunga na Lincoln's Inn ili awe wakili wa kusimama mahakamani. Akafa 1921 kutokana na uzazi, akiwa na umri wa miaka 31, kabla ya kuapishwa. Mwaka uliofuata ndipo wanawake wa kwanza wa England walipokubaliwa, Ivy Williams kwa upande wa mahakamani na Carrie Morrison kwa upande wa mawakili wa ofisini. Wales ikampata wakili wake wa kwanza mwanamke 1923, Agnes Twiston Hughes wa Conwy, kaskazini.

Wakili Mdogo

Dada, hapo kwenye "mtu" umenigusa. Kwa Kiswahili hatuna hata njia ya kumtoa mwanamke ndani ya neno hilo. Mtu ni mtu, na "yeye" haina jinsia. Tanzania tangu 2021 sheria ni za Kiswahili na ninapoandika hati silazimiki kuchagua kati ya bwana na bibi. Jaji wa kwetu angepata wapi pa kushikia?

Karani Mkongwe

Wakili wangu, na mimi nilianza na wazo hilohilo, nikaliacha. Pale kwenye kampuni yangu kanuni zilisema "mjumbe yeyote anaweza kuuliza swali", na mwenyekiti alisimama kwenye neno "mjumbe". Mimi si mjumbe, mimi karani. Aliyetaka kunifungia mlango hakuhitaji jinsia kwenye sarufi. Na utaona kwamba malodi nao, safari hii, hawakushika neno "mtu" kabisa.

Machi 1922 kamati ya malodi inayoamua mambo ya vyeo ilisikiliza ombi la Margaret. Mwanasheria Mkuu wa Serikali hakupinga. Kura zikawa 7 kwa 1, ameshinda. Magazeti yakatangaza, wanawake wakaandaa karamu.

Kisha akasimama Lord Birkenhead, Lord Chansela, mkuu wa sheria wa nchi nzima, mtu mwenye akili kali na adui wa zamani wa kura za wanawake. Akasema uamuzi urudishwe kwenye kamati. Kamati ikapanuliwa, wakaongezwa malodi wengine, naye mwenyewe akaingia kuiongoza. Mwezi Mei wakapiga kura tena: 22 wakakataa, 4 wakakubali.

Hoja yao, wakuu, isomeni polepole. Walisema sheria ya 1919 inaondoa vizuizi tu, haimpi mtu haki ambayo hakuwa nayo. Na mwanamke mwenye cheo, walisema, hakuwa amezuiwa kukaa bungeni. Hakuwa na haki hiyo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kizuizi cha kuondoa. Wakaongeza kwamba jambo kubwa hivyo Bunge lingelisema waziwazi, lisingelipitisha chini ya maneno ya jumla.

Bebb aliambiwa yeye si mtu wa sheria ile. Margaret akaambiwa ni mtu, sawa, ila mlango anaougonga kwake haukuwahi kuwa mlango. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima.

Bi Shamte

Mwanangu, na mume wake alisemaje wakati wote huo?

Karani Mkongwe

Shikamoo bibi. Walikuwa wameshaachana, talaka ikakamilika mwishoni mwa 1922. Mume hakuwa mtu mbaya, ila yeye alitaka nyumba yenye utulivu na mke aliishi kwa vitabu na mikutano. Hawakuwa na mtoto. Baadaye Margaret aliishi na rafiki yake Helen Archdale, na kuanzia 1933 na Theodora Bosanquet mpaka mwisho wa maisha yake.

Bi Shamte

Marahaba. Mungu amrehemu. Sasa baada ya kukataliwa akanyamaza?

Karani Mkongwe

Hakunyamaza, bibi, na sehemu hii ndiyo inayonifanya nimpende.

Mei 1920, kabla hata ya kesi, alikuwa ameanzisha gazeti la kila wiki, Time and Tide, likiendeshwa na bodi ya wanawake watupu. Alijua kutokana na kampuni za baba yake kwamba mwenye gazeti haombi nafasi ya kusema. Mwaka 1921 akaanzisha kundi lililoitwa Six Point Group, lenye madai sita: sheria ya kulinda watoto wasidhulumiwe kingono, haki ya mjane mwenye watoto, haki ya mama asiyeolewa na mtoto wake, baba na mama wawe na haki sawa ya ulezi, walimu wanawake walipwe sawa na wanaume, na utumishi wa umma uwape wote nafasi sawa. Tazameni orodha hiyo. Haina hata dai moja la cheo chake mwenyewe.

Kuanzia 1926 akawa mhariri yeye mwenyewe. Gazeti lilichapisha waandishi kama Virginia Woolf, Rebecca West, Winifred Holtby, Vera Brittain, na wakati wa vita ya pili George Orwell aliliandikia. Halikuwahi kuleta faida. Makaa ya Wales yalianguka miaka ya 1920, kampuni zikayumba, na yeye akaendelea kuchota kwenye urithi kulilisha gazeti. Kama mtu wa hesabu nikimtazama moyo unasita. Miaka zaidi ya thelathini biashara inakula mtaji! Yule aliyekaa bodi 33 alijua fika anachokifanya. Hela ya migodi ilikwisha kwenye karatasi na wino, na mkuu wa Geita atanisaidia kuamua kama ilikwenda mahali pazuri.

Na wanawake wote kupata kura wakiwa na miaka 21 kama wanaume, iliyopatikana 1928? Aliongoza kamati iliyoishinikiza serikali miaka ile ya mwisho.

Mzawa wa Geita

Mimi ningependa kidogo ingerudi Rhondda. Lakini hayo madai ya mjane na ya mama asiyeolewa, wake na mabinti wa wachimbaji walikuwemo humo. Nakubali nusu.

Kipanya wa Temeke

Na lile bunge je? Waliingia lini wanawake?

Karani Mkongwe

Sheria ya kuruhusu malodi wa maisha, wanaume kwa wanawake, ilipita Aprili 1958. Margaret alifariki London tarehe 20 Julai 1958. Majina ya kwanza ya walioteuliwa yalitangazwa siku nne baadaye, wanawake wakiwemo, na Oktoba wakaanza kuingia na kukaa. Wanawake waliorithi vyeo kama yeye walisubiri mpaka 1963.

Wakili Mdogo

Siku nne. Dada nimesimama kwenye basi nasoma hii.

Nina safari ya Cardiff mwezi ujao kwa mafunzo. Newport ni mbali? Nataka kuiona hiyo sanamu.

Karani Mkongwe

Karibu sana ndugu. Kwa treni hazifiki dakika ishirini. Ukishuka stesheni uliza mtoni, daraja la miguu utaliona lenyewe kwa nguzo zake mbili ndefu. Ukiwa na muda nitakupeleka na Risca Road, ni mwendo wa kupanda kilima, vaa viatu vya kutembelea. Sanduku la barua lipo, jekundu, na karibu yake kuna kibao chenye jina lake. Mimi barua zangu za nyumbani natumbukizia pale.